Picha Zote Mbili

Alilibamiza kopo la krimu juu ya meza ya mapokezi ya kampuni ya vipodozi hata kalamu zikaruka.

"Mwite meneja. Na usiniambie yuko kikaoni, nimemwona kwa macho yangu akiingia."

Msichana wa mapokezi aliutazama uso ule mara moja, akashusha macho. Mashavu yalikuwa na mabaka, kingo zake zimevimba, na juu ya mdomo ngozi ilikuwa inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Akainuka bila kubishana.

Miezi miwili nyuma uso huo haukuwa hivyo. Mwenyewe alikuwa mpiga pasi wa hoteli, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mweusi wa kung'aa, na kosa lake lilikuwa moja tu: hedhi ilikoma, ngozi ikaanza kukauka na kuwasha. Joto lilikuwa likimpanda kutoka kifuani hadi utosini, na mvuke wa pasi nao ukimpiga kwa mbele, akawa kutwa anajifuta jasho kwa taulo.

"Dada, ngozi imepungukiwa mafuta tu," mdogo wake, ambaye ni muuguzi, alimwambia. "Tumia sabuni isiyo kali. Paka mafuta ya mgando ungali umelowa, na ya kukinga jua ukitoka. Na acha kujisugua, huo ni uso, si sufuria."

Lakini nani humsikiliza mtoto aliyembeba mwenyewe mgongoni?

Kibaya chajitembeza, na krimu hiyo ilijitembeza mpaka mlangoni pa hoteli. Kampuni ilikuwa inatafuta wanawake waliokoma hedhi waijaribu kwa wiki nane. Akaenda. Siku ya kwanza wakampiga picha akiwa amenawa uso, anacheka. Wiki ya tatu uso ukaanza kuwaka moto, wakamwambia hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, avumilie.

Avumilie! Neno hilo alianza kuambiwa angali msichana. Uchungu wa uzazi avumilie, mume avumilie, na sasa hata mashavu nayo yavumilie. Na mjinga yeye, akavumilia. Wiki ya nane wakampiga picha ya pili, wakamwambia asante, kwaheri.

Meneja alitoka na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Pole sana, mama. Ngozi ya mtu mzima ina mambo yake. Tunaweza kukupeleka kwa daktari..."

"Sikuja kuomba daktari. Nimefuata picha zangu."

"Tukurudishie?"

"Nizifanyie nini, nizitundike sebuleni? Nataka mzitoe! Watu waone mlinipokea vipi na mkaniacha vipi. Nawajua nyinyi. Mnapamba matangazo kwa wasichana wa miaka ishirini na tano mkiwaita watu wazima, halafu sisi mliotuunguza mnatufungia kabatini."

Meneja aliinua simu. Akaagiza picha ziletwe, akaziweka mezani sambamba, akaitazama hii, akaitazama ile. Alichukua muda.

"Mama, uko radhi zote mbili zitoke?"

"Zote mbili. Kubwa. Na uandike, maana ndimi zenu hazina mfupa."

Akamsimamia kichwani akiandika. Picha zote mbili zitolewe pamoja. Zilingane ukubwa. Zisikatwe. Zisichezewe kwa kompyuta, baka lisifutwe wala lisiongezwe. Meneja aliandika kila neno kama alivyoambiwa, akatia sahihi, naye akatia yake. Kisha meneja akamsindikiza mpaka mlangoni, akamfungulia kwa mkono wake mwenyewe.

Nyumbani, mdogo wake aliisoma ile karatasi mara mbili.

"Wamekubali kirahisi hivi?"

"Wameogopa. Muungwana akivuliwa nguo huchutama."

"Hao ni waungwana tangu lini?" Muuguzi alichovya kidole kwenye mafuta ya mgando, akaanza kumpaka polepole, akiyakwepa mabaka yaliyochubuka. "Siku nyingine unisikilize, dada."

"Nitakusikiliza. Lakini kwanza wenzangu wauone huu uso. Asiungue mwingine, basi, mimi nitatulia."

Wiki tatu baadaye, akielekea kazini, aliona wanawake wamejaa mbele ya duka la dawa. Walikuwa wa rika lake, wawili watatu wakijipepea kwa mikoba. Juu ya mlango palikuwa na bango jipya, na kwenye bango uso wake mara mbili. Kutoka ng'ambo ya barabara hakuweza kuyasoma maandishi, lakini picha alizitambua. Zililingana. Hazikukatwa wala hazikuchezewa, na kila baka lilikuwa mahali pake.

Moyo ulimpiga kwa furaha yenye hasira ndani yake. Kumbe walitimiza! Na hawa wenzake, bila shaka, walikuwa wamekuja kurudisha makopo. Leo muuzaji atatafuta pa kujificha. Akavuka barabara, akafungua kilemba alichokuwa amejizungushia mpaka mashavuni, akajitosa katikati yao.

"Nipisheni nipite! Nami nina la kusema!"

Mama mmoja aligeuka. Akamtazama mashavu kwa huruma, akamshika mkono na kumvuta mpaka mbele kabisa.

"Jamani, mpisheni huyu dada, yeye ndiye anayeihitaji zaidi. Usikate tamaa, mwenzangu. Hata huyo wa pale juu alianza hivi hivi kama wewe."

Aliinua macho. Chini ya uso wake wenye mabaka waliandika "Kabla". Chini ya ule aliokwenda nao siku ya kwanza, "Baada ya wiki nane".