Kiganja cha Bi Mkubwa

Siku hizo dawa ya moyo ilifichwa ndani ya jeli chini ya ngozi ya kifua, na jeli iliyeyuka kwa joto la kiganja kimoja tu: cha mke wa kwanza. Kukibadilisha hakukuruhusiwa.

Hidaya alikuwa akiosha samaki kwenye maji ya barafu mumewe, Shaweji, alipoingia akihema, kashikiliwa na mke mdogo ambaye Shaweji alihamia kwake.

“Mama Rukia, niwekee mkono.”

“Mkono huu huu uliosema unakwaruza kama msasa?”

“Bi mkubwa, tafadhali, anatufia!” alilia mke mdogo.

Hidaya alijifuta, akamwekea kiganja kifuani kwa upole. Kilikuwa baridi mno. Jeli haikuyeyuka.

“Basi tungoje kipate joto,” akasema, akairudisha mikono yote miwili kwenye barafu.