Daftari Lenye Mwandiko Mzuri

Mwalimu alishika kalamu nyekundu, akaanza kulisoma daftari lake la kujitafakari kama anavyosahihisha kazi za wanafunzi. Ukurasa wa kwanza: "Kesho nitamwomba mama radhi kwa maneno makali niliyomtolea." Wa pili, yale yale. Wa kumi na tisa, yale yale, ila mwandiko umependeza zaidi.

Akakunja uso. Mwanafunzi wa namna hii angemwita mvivu. Akaanza kuliandika hilo pembeni mwa ukurasa.

"Huo wino hauishi, mwanangu?" mama aliuliza mlangoni, begi mkononi. "Haya, nahamia kwa kaka yako. Huko angalau watu wanaongea."

"Namalizia sentensi, mama."

Alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Mlango wa nje ukafunguliwa.

"Mama, subiri," alisema, na kiti kikaanguka nyuma yake.