Nyuma ya Nembo

"Funika hiyo takataka yako, mathe," Gachanja alisema, akicheka hadi miwani ikamshuka puani.

Ndani ya leso ya Nabwire, mama mmoja wa Kaloleni, mlikuwa na bamba la chuma lenye herufi mbili, U na R: nembo ya reli ya enzi za mkoloni. Mezani pa Gachanja, dukani kwake Donholm, palikuwa na lingine kama hilo. Alilipata kwa wauza chuma chakavu, na hakuwa mtu wa kuwasumbua kwa maswali. Mteja wake, mwenye hoteli aitwaye Mohamednur, alikuwa ameshatoa simu alilipie, maana aliapiwa kwamba ndilo pekee lililobaki Kenya nzima. Sasa, kwa kuliona la pili, aliirudisha simu mfukoni.

Gachanja alichemka. Mauzo ya mwaka mzima yaharibiwe na mwanamke wa ndara!

"Skiza nikufunze historia, naona huko kwenu hamna," alisema. "Reli ya kwanza haikujua michoro. Ilikuwa ni herufi tu. Walizipiga kwenye injini, kwenye taa, hadi kwenye vijiko, visiibwe. Na fundi wa kitambo alikuwa fundi. Hizi zako zimechongwa na mlevi wa jua kali pale soko la Gikomba."

"Lakini zinafanana," Nabwire alisema polepole.

"Kwa kipofu!"

"Hata mimi naona zinafanana," Mohamednur akasema.

Gachanja akalipindua bamba la Nabwire kwa kidole kimoja, kama anayegusa panya aliyekufa.

"Ona mgongo. Mtupu! Lile halisi lina saini."

"Saini gani?" Nabwire aliuliza.

"Ya fundi aliyelitengeneza. Patrobas, kwa msumari, na msalaba chini yake. Nani pale Gikomba angejua hilo?"

Akaligeuza lake, akamsukumia Mohamednur. Jina lilikuwepo, na msalaba. Mohamednur akaitikia kwa kichwa, akaitoa simu tena.

"Umeona, mathe? Sasa mrudishie aliyekuuzia."

"Sikuuziwa. Niliagiza lichongwe wiki hii, nipate sababu ya kuja hapa," Nabwire alisema, akipitisha kidole juu ya lile jina. "Patrobas ni baba yangu. Aliliandika jina lake mgongoni kabla ya kulijengea bamba hili ukutani kwetu, na mgongo huo haukuonekana tena mpaka ukuta ulipobomolewa na wezi Jumapili, tukiwa kanisani."