Mjukuu wa Stoo ya Mkaa

Sheria ilisema atakayetengeneza kiumbe ataishi nacho nyumba moja mpaka kufa. Chumba haikutaja, kwa hiyo Daktari Hatibu alikifungia kiumbe chake kwenye stoo ya mkaa.

Mama yake, Bi Mwanakombo, alipokuja kumtembelea alisikia mtu akikohoa nyuma ya ule mlango.

"Nani huyo?"

"Si mtu, mama. Ni kazi yangu iliyoharibika. Nilikosea uso."

"Ulikosea uso! Na wewe ulipozaliwa na kichwa kama boga, nilikutia stoo?" Bi Mwanakombo alipiga meza, vikombe vikaruka. "Kitanda hakizai haramu, Hatibu!"

"Hakuzaliwa kitandani. Nilimuunga mezani."

"Basi meza ni yako na mikono ni yako. Lete ufunguo, mtu usiye na haya!"

Alimpokonya, akapakua wali na samaki, akaenda kufungua.

"Mume wangu," aliita, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wa kiume, "njoo ule."

Mjukuu hakutoka. Alikuwa amechuchumaa gizani, akiunganisha kwa sindano vipande vya mwili ambavyo Hatibu alikuwa amevitupa. Alishonea mkono mdogo kwenye kifua kidogo, na kifua kile kilikuwa kikipumua.

"Shikamoo, bibi," alisema kwa adabu. "Huyu ni mwanangu. Na mimi nimekosea uso. Sasa nimfungie wapi?"