Tope la Kiangazi

Kandambili za mama mkwe zilikuwa na tope tena, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita.

Fundi betri aliinama pale mlangoni akaligusa kwa kidole. Bichi kabisa. Mtaa mzima ulikuwa vumbi tupu, kuku akipita anatimua wingu, sasa huyu mama wa watu alikuwa amekanyaga wapi? Aliinua macho. Mama mkwe alikuwa jikoni, amempa mgongo, anakoroga kile kisufuria. Kile kile cha mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo umewahi."

"Nimewahi kidogo. Mmeshindaje?"

"Salama. Ni huyu mke mwenzangu tu, hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Namchemshia mboga zake."

Mke mwenza mwenyewe, bintiye fundi, hata umri wa kwenda shule hajafika, alikuwa amejikunja kwenye mkeka, kashika tumbo. Kabla bibi yake hajahamia kwao, mtoto huyu alikuwa akipanda meza, kabati na mgongo wa baba yake. Siku hizi kapauka, ukimgusa analia, na maneno aliyokwisha kuyajua yameanza kumpotea. Daktari alisema si minyoo wala si homa. "Ana sumu mwilini," alisema. "Angalieni vizuri kinachoingia mdomoni mwake." Toka hapo fundi alikuwa halali. Mtoto ndiye huyo huyo mmoja, hana mwingine.

"Mama, mbona wewe hujipakulii?"

"Zenyewe kidogo. Acha ale mtoto."

"Unazipata wapi?"

Mwiko ulisimama ndani ya kisufuria. "Huko huko," alisema mama mkwe, wala hakugeuka.

Huko huko wapi, jamani? Lakini mtu hamhoji mkwe wake kama askari kituoni. Na mkewe je? Unaanzia wapi kumwambia mtu kwamba mama yake mzazi anamlisha mjukuu sumu?

Siku ya pili yake alimfungukia jirani yake wa kazini, mziba pancha. Bure kabisa, maana mziba pancha hajui kunong'ona. Kicheko chake peke yake kinaamsha waliolala mtaa wa pili.

"Wakwe!" alipiga kelele. "Si ulimkataza kulima? Ana kinyongo huyo, nakwambia!"

"Punguza sauti, bwana! Nilimkataza kwa heshima. Mama mkwe wangu ashike jembe, watu wanionaje?"

"Basi mfuate umwone anakokwenda. Wewe si mtu wa usafi? Safisha na hilo."

Akacheka mwenyewe. Kweli fundi alikuwa mtu wa usafi, na karakana nzima ilimtania kwa hilo. Sakafu yake ilikuwa kavu muda wote. Maji ya kuoshea betri aliyasukuma nje kupitia tundu la ukuta wa nyuma, yakaenda zake. Kabla ya kurudi nyumbani alinawa kwa sabuni mara mbili, akavua ovaroli akaiacha huko huko. Madini ya risasi yaliyomo kwenye betri si ya kuchezea, na yeye hakutaka hata chembe imfikie mwanawe.

Siku hiyo alifunga kazi mapema, akajibanza nyuma ya kibanda cha vocha karibu na nyumba yake.

Mama mkwe alitoka na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Mtu mwenye nia njema haangalii hivyo, fundi alijiambia. Bibi hakushika barabara kuu. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapenya kwenye ua uliobomoka, akashika kinjia kinachoteremka bondeni. Fundi alimfuata kwa mbali. Kona zilikuwa nyingi, na huko hakuwahi kupita hata siku moja.

Chini kabisa, nyuma ya ukuta mrefu wa matofali, mama mkwe alipiga magoti akachomoa kisu.

"Mama!"

Bibi alishtuka, kikapu kikamtoka. Majani mabichi yakamwagika. Mbele yake kulikuwa na matuta ya mboga, yamepangwa vizuri, kijani kitupu katikati ya ukame ule.

"Nisamehe, baba," alisema, akiinamisha uso kwa aibu. "Najua ulinikataza. Ndiyo maana nikaja kujificha huku, watu wasikucheke. Nilitaka tu mjukuu wangu ale mboga safi. Za sokoni wanazipiga madawa."

Mboga! Fundi alimfuata mama wa mkewe vichochoroni kama mwizi, kumbe mboga. Alichuchumaa akaanza kumwokotea majani, machozi yakimlenga.

"Mimi ndiye wa kuomba radhi, mama. Nilikudhania vibaya, Mungu anisamehe. Mtoto ale, ale azimalize."

Mama mkwe alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akampangusa tope begani kama mwanawe wa kumzaa.

"Lakini kiangazi chote hiki," fundi aliuliza, "maji unayachota wapi?"

"Wala sichoti, baba! Hiyo ndiyo bahati yangu. Yanakuja yenyewe kila siku ya kazi. Yanatoka pale, kwenye lile tundu la ukutani."

Fundi aliinua kichwa. Upande wa pili wa ukuta, mziba pancha aliangua kicheko.