Barua ya Ukurasa wa Arobaini na Saba

Wembe ulikuwa ndani ya soksi ya kushoto, na Profesa alichechemea kidogo alipoingia kwenye chumba cha kusomea cha hifadhi ya nyaraka. Mtu mzima wa miaka sitini na minne, mwenye wajukuu tisa, ameficha wembe kwenye soksi kama kibaka! Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini aliketi.

Wanafunzi walimwita Mzee Tanbihi, na jina lenyewe alilipenda. Kwake yeye, hoja isiyo na tanbihi chini ya ukurasa ni umbea tu. Aliwahi kumfelisha mtu kwa kukosea namba ya faili moja. Sasa namba ya faili ilikuwa inamkaba koo yeye.

Mambo yalianza miaka thelathini na moja nyuma, alipokuwa akiandika tasnifu juu ya mazungumzo ya mpaka yaliyovunjika baina ya nchi yake na jirani. Balozi mmoja mstaafu alimnong'oneza kwamba waziri wa mambo ya nje alimwandikia rais barua ya siri, akimsihi amwachie jirani ardhi ya ng'ambo ya mto wa mpakani ili vita visizuke. Barua hiyo ndiyo ingebeba tasnifu nzima. Alipoomba faili, akaambiwa imepelekwa kujalidiwa, arudi baada ya miezi miwili. Naye alibakiwa na siku tatu za kuwasilisha tasnifu.

Basi akaitunga mwenyewe: mistari minne, tarehe, namba ya faili, ukurasa wa arobaini na saba. Alijiapia kwamba angerudi kuitafuta ya kweli. Hakurudi. Tasnifu ikawa kitabu, kitabu kikampa uprofesa, na mistari ile minne ikaingia hadi kwenye vitabu vya shule. Wenzake wote waliinukuu kutoka kwake. Watafiti ni wavivu kuliko wanavyokiri, na nani alilijua hilo kumzidi yeye?

Wiki iliyopita mwanafunzi wake wa uzamivu, binti anayemwita baba, alimwambia kwa furaha kwamba Alhamisi angekwenda kuipiga picha barua ile, iwekwe ukurasa wa mbele wa kitabu cha kumuaga akistaafu. Profesa alitabasamu, akamshukuru, kisha akaenda dukani kununua wembe.

Leo ilikuwa Jumatano. Angeukata ukurasa wa arobaini na saba, hata uwe na nini. Kesho binti angekuta pengo, na lawama zingemwangukia mwizi asiyejulikana. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa imemfikisha karibu kabisa na kustaafu, na alitaka imalizie hatua zilizobaki.

Mtunza nyaraka, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimletea faili kwa mikono miwili. Alisema kitabu cha Profesa amekisoma mara nyingi, tena alisema bila kumtazama usoni. Profesa akadhani ni kuona haya tu. Mama akarudi kwenye meza yake na kumpa mgongo.

Akafunua ukurasa wa arobaini na tano, wa arobaini na sita. Akainama kama mtu anayejikuna mguu, akautoa wembe. Akageuza.

Barua ilikuwapo.

Mistari minne ile ile, imepigwa kwa taipureta, jina la waziri chini. Profesa aliisoma mara tatu. Kumbe balozi hakudanganya. Kumbe waziri aliandika kweli, na yeye bila hata kuiona alipatia neno kwa neno. Lisemwalo lipo! Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke.

Akaisoma mara ya nne, sasa kwa raha, ndipo akaziona nukta tatu katikati ya mstari wa pili. Ni alama ya mtafiti anayenukuu barua ya mwingine na kuyaruka maneno asiyoyahitaji. Alizitia yeye, ili uongo wake ufanane na nukuu. Waziri anayeandika barua yake mwenyewe anaruka maneno ya nani?

Alimwita yule mama, akamuuliza ni nani aliyeiweka karatasi ile humo.

Mama alitazama mlangoni, akavuta kiti, akaketi. Profesa akaamini ameshaumbuka, akaanza kupanga maneno ya kuomba asitangazwe.

"Nilijua wewe ungeitambua," mama alisema. "Niliipiga mimi, kutoka kwenye kitabu chako. Nakuomba sana, usiniripoti. Ile yenyewe ilipotea."

"Ilipotea?"

"Kitabu chako kilipotoka, alikuja mtafiti mgeni kuitafuta, akaikosa. Mtunza nyaraka wa wakati ule alikuwa baba yangu. Akaapa hajawahi kuiona. Wakubwa wake wakamwekea kitabu chako mezani, wakamwonyesha tanbihi, namba ya faili, ukurasa. Wakamfukuza kimya kimya kwa kuipoteza, hata kiinua mgongo hakupewa." Alijifuta macho kwa kiganja. "Nilipopata kazi hapa nikaipiga upya, asije mtu mwingine akaikosa, na jina la mzee likatajwa tena."

Profesa aliinama, akaurudisha wembe kwenye soksi.

"Mpaka anakata roho alikuwa anasema barua hiyo haikuwapo," mama alisema, "na sisi wanawe tukimwambia aache uongo, aogope Mungu. Naomba umsamehe, Profesa."