Jina la Jirani

Kidole cha dada mtu kilisita juu ya kitufe. Kwenye skrini, katika fomu ya kamati ya majina, jeni aliyoivumbua mwenyewe ilikuwa imepewa jina la jeni iliyovumbuliwa na mdogo wake, na mkiani herufi mbili: AS.

Ndiyo kanuni ya kazi yao. Jeni ya RNA ndefu isiyotengeneza protini, maadamu kazi yake haijulikani, huitwa kwa jina la jeni jirani pamoja na msimbo wa mahali ilipo. Yenye AS imelala upande wa pili wa uzi wa DNA, ikielekeana na jirani yake. Iliyo mbali na majirani huandikwa LINC na namba. Kazi yake ikijulikana, hupewa jina lake yenyewe.

Hata jeni, basi, ilimfuata mdogo mtu. Maabara nzima ilimwita dada mtu Dada wa Daktari, ilhali ni yeye aliyemfundisha huyo daktari kushika pipeti. Kwa wivu aliisukuma chai kando bila kuionja.

Na juzi mdogo mtu alikuja kuazima sampuli za dada yake, akajifungia nazo. Alipoulizwa za nini, alicheka tu.

"Dada, fomu yako usiiguse kwanza. Ijumaa nina neno nawe."

Neno gani tena? Ukimpa mtu shubiri, atataka pima.

Dada mtu alifuta jina lile lenye AS, akaandika LINC na namba, na kwenye ramani akaisogeza jeni yake mbali na ya mdogo mtu. Heri namba kuliko jina la mwingine. Akabonyeza, akaenda kula kwa hamu.

Ijumaa mdogo mtu aliingia ofisini bila kubisha, macho yamevimba, akauliza nani kaigusa fomu. Dada mtu akajibu kuwa ni yeye, na jeni ni yake.

"Ni yako, dada. Tena ndiyo inayoiwasha yangu. Kwa kuwa zimeelekeana, yako ikizimwa, yangu haifanyi lolote. Nimeyaona kwenye sampuli zako."

Akaweka barua ya kamati ya majina juu ya meza.

"Niliiombea yako jina lake yenyewe. Wamekataa. Wanasema ramani uliyowapelekea inaonyesha haziko hata karibu." Akajifuta macho. "Na kwenye makala ya utafiti huu jina lako nililitanguliza. Nilitaka kuanzia leo wawe wananiita mimi mdogo wako."